Kinjikitile wa Ngarambe

Katika mji wa Kilwa Kivinje palikuwa na mwembe ambao wenyeji waliuita Mwembe Kinyonga, maana yake mwembe wa kunyongea watu. Jina hilo halijapotea, na hospitali ya mji huo hujulikana kwa jina la Kinyonga hata leo. Tarehe 15 Novemba 1895 Wajerumani, ambao wazee wetu walizoea kuwaita Wadachi, walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya, mkuu wa Wayao wa bara ya Kilwa, pamoja na wenzake. Mwaka uliotangulia, mwezi wa Septemba 1894, mtu huyu alikuwa ameushambulia mji wa Kilwa ili awafukuze Wazungu, asiweze. Hatuwezi kumsifu katika mambo yake yote, kwa kuwa alikuwa mfanya biashara ya pembe na ya watumwa, na wengi walishuka pwani katika misafara ya namna hiyo wakiwa wamefungwa shingoni. Lakini watu wa Kilwa walipotazama mwembe ule hawakufikiri habari za biashara yake. Walifahamu kwamba tangu siku ile, mtu mweusi atakayeinua mkono juu ya serikali ile, malipo yake ni kamba.

Hassan bin Omari alikuwa mtu mkubwa, mwenye bunduki na watu wengi. Habari tunayotaka kusimulia hapa ni ya mtu asiyekuwa na bunduki wala cheo, aliyenyongwa miaka kumi baadaye huko Mohoro, kaskazini ya Kilwa. Jina lake Kinjikitile Ngwale.

Imenipasa kwanza kueleza neno moja. Mara nyingi wanafunzi wakisoma habari za Marekani, jinsi watu weupe wa mji wa Memphis walivyowaangukia watu weusi kwa siku tatu mwezi wa Mei 1866, wakawaua watu 46 na kuchoma makanisa na shule zao, huuliza kama jambo la namna ile lilipata kutokea katika nchi yetu. Mimi huwajibu kwamba lilitokea, lakini kwa sura nyingine. Kule Memphis watu wa mji na polisi wao walikimbia barabarani wakiwa na hasira, na sheria ikanyamaza. Huku kwetu sheria haikunyamaza. Iliandikwa vizuri katika karatasi, ikatiwa sahihi, ikasomwa mbele ya boma.

Sheria yenyewe ni hii. Mwezi wa Aprili 1896 mkuu wa serikali ya Ujerumani alitoa amri juu ya adhabu za watu wa makoloni yao ya Afrika. Katika amri hiyo ilikubaliwa kwamba mwenyeji aweza kupigwa kiboko, hata viboko 25 kwa mara moja. Ndiyo ile iliyokuja kuitwa na watu hamsa ishirini. Lakini Mwarabu asipigwe, na Mhindi asipigwe. Wanawake nao walikatazwa kupigwa. Mzungu hakutajwa, kwa sababu yeye alikuwa na baraza yake mwenyewe. Basi akabaki mwanamume mweusi peke yake kulala kifudifudi mbele ya boma, na watu wakitazama. Kosa laweza kuwa moja, na waliokosa wawili, lakini ngozi ya mtu ndiyo iliyoamua kama atalipa fedha au atalipa kwa mgongo wake.

Mwaka 1898 ikaja kodi ya nyumba, rupia 3 kwa kila nyumba kwa mwaka. Watu wa mashamba hawakuwa na rupia. Walikuwa na mtama, mpunga, mpira wa mwituni, nta na kuku. Asiyeweza kulipa alitakiwa afanye kazi. Kisha mwaka 1902, wakati Graf von Götzen alipokuwa gavana, ilianza kazi ya pamba katika wilaya za pwani. Kila jumbe aliamriwa kulima shamba kubwa la pamba, na watu wake wote wakalime humo. Katika maandishi ilisemwa kwamba mtu atafanya kazi siku 28 tu katika mwaka, na ya kuwa mapato ya pamba yatagawanywa mafungu matatu: moja la wakulima, moja la jumbe, moja la chama cha wilaya. Siku zenyewe zikazidi, na pesa zilipogawanywa, mkulima alipata senti chache tu, hata mahali pengine watu walizikataa wasizipokee.

Atakaye kufahamu uzito wa jambo hili na afikiri juu ya kazi za shamba kama wafanyavyo watu wa milima ya Umatumbi. Pamba haingoji. Hutaka kupaliliwa wakati uleule mtama na mpunga vinapotaka kupaliliwa, na kuchumwa wakati uleule watu wanapotaka kuvuna. Na nchi ile ina nguruwe wengi na nyani na ndege. Mwanamume akiondoka kwenda shamba la jumbe, nani atalala dunguni usiku kuwafukuza nguruwe? Mwanamke na watoto. Wakizidiwa, chakula cha mwaka mzima huliwa kwa usiku mmoja. Hivyo mtu alirudi kwake na mgongo wenye alama za kiboko, akakuta shamba lake limefukuliwa. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo ya jioni katika kila kijiji tangu Rufiji hata Matandu.

Tena waliosimamia kazi hiyo hawakuwa Wazungu. Mzungu mwenyewe alikuwa mbali, Kilwa au Mohoro, na wengine hawakupata kumwona hata mara moja. Waliosimamia walikuwa maakida, wengi wao watu wa pwani na Waarabu, na askari weusi waliotoka Sudani na nchi nyingine. Akida wa Kibata, Sefu bin Amri, alijulikana katika milima yote ya Umatumbi. Jambo hili huwasumbua wanafunzi, nami sitaki kulificha. Kiboko kilishikwa na mkono mweusi, lakini aliyekitengeneza na kuhesabu mapigo yake alikuwa ameketi mezani.

Sasa tumrudie Kinjikitile. Alikaa Ngarambe, magharibi ya milima ya Umatumbi, katika nchi iteremkayo kwenye bonde la Rufiji. Hakuzaliwa hapo, alihamia miaka michache kabla ya mambo haya. Hakuwa jumbe wala hakuwa wa ukoo wenye kutawala. Alikuwa mtu wa kawaida mwenye nyumba na shamba, mpaka mwaka 1904.

Mwaka huo, kama walivyosimulia wazee waliokuwa vijana siku zile, Kinjikitile alipandwa na pepo aliyeitwa Hongo, ambaye watu wa nchi hiyo walimwamini kuwa pepo akaaye majini. Akaondoka nyumbani kwake akitambaa kwa tumbo, akaelekea mtoni, akaingia katika kidimbwi kirefu. Jamaa zake walimkamata wamzuie, wasiweze. Wakaketi ukingoni wakilia, wengine wakizamia kumtafuta, hata wakakata tamaa. Kesho yake akatoka majini akiwa mzima, na nguo zake zimekauka, akaanza kusema mambo ambayo watu hawakuwahi kuyasikia kwake. Sisi hatukuwapo. Twaandika kama walivyosimulia wao, kwa sababu habari hiyo, iwe vyovyote, ndiyo iliyowatoa watu majumbani mwao.

Ni lazima kujua kwamba jambo hili halikuwa geni kabisa. Tangu zamani watu wa Rufiji walikuwa wakienda Kibesa, kwenye maporomoko ya mto, kuomba mvua na mazao kwa Bokero, waliyemheshimu kuwa mkubwa wa pepo wa majini. Waliporudi walileta maji ya kunyunyizia mashamba ili nguruwe na wadudu wasiyaharibu. Dawa ya maji ilijulikana, basi, kuwa dawa ya shamba. Kinjikitile ndiye aliyeigeuza ikawa dawa ya watu.

Alijenga nyumba kubwa Ngarambe, ikaitwa nyumba ya Mungu. Alisema ya kwamba wazee waliokufa hawakupotea, nao watarudi. Watu wakaanza kuja, kwanza wa karibu, kisha wa mbali, Wamatumbi, Wakichi, Wangindo, Wapogoro. Njia zikajaa watu, ukoo mmoja ukifuata mwingine, wamebeba mtama na mchele wa njiani. Maakida waliwaona wakipita wakadhani ni watu wanaokwenda kwa mganga, jambo la kila siku, wakawaacha. Habari zilipita kwa kunong'onezana, sikio kwa sikio, na mwendo huo wa siri uliitwa njwiywila. Aliyesikia aliambiwa asimwambie kila mtu, naye alimwambia ndugu yake tu, na ndugu yake akamwambia shemeji yake. Kwa njia hii nchi nzima ilijua, na boma halikujua.

Walipofika Ngarambe walipewa maji ya mto, yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mbegu za mtama. Wengine waliyanywa, wengine walinyunyiziwa, wengine waliyachukua katika vibuyu vidogo vya kuvaa shingoni. Waliahidiwa kwamba risasi za bunduki zikiwapiga zitageuka maji. Walipewa na miiko: wasipore mali, wakae mbali na wake zao wakati wa vita. Pia walifundishwa kupiga kwata kwa mistari, mchezo ulioitwa likinda. Halafu Kinjikitile akawaamuru warudi makwao wakalime, wangoje mpaka atakapowapa habari. Asianze mtu kabla ya neno lake.

Watu wengi waliosoma habari hizi huishia kwenye ile ahadi ya risasi kugeuka maji, wakacheka au wakasikitika. Mimi naona kuna jambo jingine la kutazamwa kabla ya hilo. Nchi ile haikuwa na mfalme mmoja. Kila bonde lilikuwa na wakubwa wake, na Mmatumbi wa kilima hiki aliweza kuishi miaka yake yote bila kumjali mtu wa kilima cha pili, wala Mngindo hakumwona Mpogoro kuwa ndugu. Kila mmoja alipigwa peke yake, akauguza mgongo wake peke yake. Kinjikitile aliwaweka kwenye foleni moja mbele ya chungu kimoja, akawaambia kwamba ni watu wamoja. Hata wale walioshuku ile dawa walirudi kutoka Ngarambe wamekwisha kuwaona wengine, ya kuwa ni wengi, na ya kuwa wote wana kilio kimoja.

Lakini alitenda neno zito mno. Aliwaahidi watu uzima wa miili yao mbele ya bunduki, na hakuwa na uwezo wa kuwapa. Hatuwezi kusema kwamba alidanganya kwa kukusudia. Yaonekana yeye mwenyewe aliamini, wala hakuchuma mali ya kumfanya tajiri. Hata hivyo ahadi ilikuwa yake, na gharama yake ililipwa na wengine.

Mwezi wa Julai 1905 Wamatumbi walichoka kungoja. Pamba ilikuwa tayari, na mwito wa kwenda shambani ulikuwa umefika tena. Wakashauriana wafanye nini ili vita ianze, maana hawakutaka kuwavamia watu bila ya ishara. Huko Nandete, katika milima ya Kilwa, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waliingia shamba la pamba, waking'oa mashina matatu ya kwanza. Ndiyo yaliyokuwa matangazo ya vita. Kung'oa miche ya pamba ni kazi ndogo, mtoto aweza kuifanya. Lakini kila aliyekuwa pale alifahamu kwamba kiboko hakitatosha kuwa malipo yake. Siku chache baadaye watu walikwenda Kibata kumshambulia akida, naye akakimbia kuelekea pwani. Mwisho wa mwezi uleule Samanga ilichomwa moto. Mlowezi mmoja Mjerumani aliyekuwa na shamba katika milima hiyo aliuawa.

Kinjikitile hakuiona vita yenyewe. Alikamatwa na askari wa serikali akapelekwa Mohoro, akahukumiwa kwa kosa la kuipinga serikali, na tarehe 4 Agosti 1905 akanyongwa pamoja na mwenzake mmoja. Inasimuliwa kwamba kabla ya kufa aliwaambia waliomnyonga kuwa kazi yao ni bure, kwa maana dawa yake imekwisha kufika Kilosa na Mahenge. Ikiwa alisema hivyo, basi alisema kweli. Ndugu yake alishika mahali pake akajiita Nyamguni, akaendelea kugawa maji, na wajumbe wao walikwisha kutawanyika na vibuyu vyao kila upande.

Vita ikapita kama moto wa nyika. Katikati ya Agosti boma la Liwale lilichomwa. Tarehe 14 Agosti, Mikukuyumbu, katika njia itokayo Kilwa kwenda Peramiho, Askofu Cassian Spiss aliuawa pamoja na Mabruda wawili na Masista wawili. Hawakuwa na kiboko wala shamba la pamba, walikuwa wasafiri. Lakini siku zile ngozi nyeupe ilihukumiwa kama ngozi nyeusi ilivyokuwa imehukumiwa, yaani bila kuulizwa mwenyewe ametenda nini. Mwisho wa mwezi misioni za Lukuledi na Nyangao ziliharibiwa, na Sista mmoja wa Nyangao alipoteza maisha yake. Masasi, mahali palipojengwa mwaka 1876 kwa ajili ya watumwa waliopewa uhuru, nyumba za misioni zilichomwa pia, na walimu wakakimbilia pwani. Baadhi yenu mnaosoma habari hii hukaa karibu na majengo yaliyojengwa tena baada ya moto huo. Ndanda yenyewe ilianzishwa mwaka 1906, baada ya kuharibika zile za kwanza.

Tarehe 30 Agosti watu kwa maelfu walikwenda kuliteka boma la Mahenge. Walikuja wakati wa mchana, kwa mistari kama walivyofundishwa, wakiita maji, maji. Bomani mlikuwa na bunduki mbili za bombomu, zile zitoazo risasi mfululizo. Wa mbele walianguka, wa pili wakawaruka, nao wakaanguka. Walioona siku ile hawakuhitaji mtu wa kuwaeleza habari ya dawa. Hata hivyo vita haikuisha. Wengi waliiacha imani ya maji, lakini hawakuiacha sababu iliyowatoa majumbani, wakaendelea kwa kuvizia porini muda wa mwaka mzima na zaidi.

Serikali ilileta manowari na wanamaji, na askari kutoka nje. Meja Johannes aliondoka Kilwa na kikosi chake akaenda mpaka Songea. Ndipo wakuu wa Kijerumani waliposhauriana jinsi ya kumaliza vita na watu wasiokaa mahali pamoja, wakaona silaha ipitayo bombomu ni njaa. Vijiji vilichomwa, ghala za mtama zikachomwa, mashamba yaliyokuwa karibu kuvunwa yakafyekwa, mifugo ikachukuliwa. Watu walikatazwa kupanda mpaka wajitoe. Huko Songea, tarehe 27 Februari 1906, Nkosi Mputa Gama alinyongwa pamoja na wakuu na wapiganaji wengine wa Wangoni, jumla yao 67, wakatiwa katika kaburi moja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umepewa jina lake, alinyongwa siku chache baadaye.

Njaa haina mzinga wala tarumbeta, kwa hiyo vitabu huisimulia kwa maneno machache. Wazee wa kusini waliisimulia zaidi kuliko vita. Watu wa Umwera na Umakonde wanaijua ming'oko, ile mizizi ya porini ichimbwayo chakula kinapokosekana. Mwaka wa njaa watu huchimba wakiwa na nguvu, wakala. Lakini mtu aliyekwisha kudhoofika hawezi kuchimba, na porini siku zile mlikuwa na askari. Mama alichagua mtoto wa kubebwa na mtoto wa kuachwa njiani. Mbegu ziliizwa au kuliwa, na mvua iliponyesha hapakuwa na cha kupanda.

Hesabu ya serikali ya Kijerumani ilisema wamekufa watu 75,000. Wataalamu wa historia waliochunguza baadaye wamesema ni wengi zaidi, wengine wakifikisha 250,000 au 300,000, na wengi wa hao walikufa kwa njaa na maradhi. Upande wa serikali walikufa Wazungu 15, askari 73, na wasaidizi wa askari 316. Wapangeni wafu hao wote, mtaona ya kuwa hata katika upande uliopigania kiboko, waliokufa karibu wote walikuwa watu weusi.

Vita ikaisha mwaka 1907. Gavana Götzen alikuwa amekwisha kurudi kwao, na aliyemfuata, Rechenberg, aliacha ile kazi ya pamba ya lazima katika mashamba ya majumbe. Yaani lile jambo ambalo watu wa Nandete waliling'oa kwa mikono yao, serikali nayo ilikuja kuling'oa kwa amri. Kiboko hakikuondolewa, kilibaki mpaka Wajerumani wenyewe walipoondoka katika vita kuu ya kwanza.

Kwa miaka mingi jina la Kinjikitile lilitajwa kwa sauti ya chini. Wakubwa wa serikali walimwita mchawi na mdanganyifu, na watu waliofiwa hawakuwa na haja ya kumtetea. Katika miaka ya 1960 Gilbert Gwassa, kijana msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alizunguka Umatumbi na Ungindo akiketi na wazee waliokuwa wangali hai, akaandika masimulizi yao. Mengi tuyajuayo juu ya Ngarambe yametoka katika vinywa vya wazee hao. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa mchezo wa kuigiza uitwao Kinjeketile, na tangu hapo jina hilo likajulikana katika shule za nchi nzima. Nandete pamewekwa mnara wa ukumbusho. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akasimama mbele ya makaburi, akaomba radhi kwa yale yaliyotendwa na nchi yake.

Nchi yenyewe haikurudi kuwa kama zamani. Mahali pengi katika bara ya Kilwa na Liwale, watu walipokufa na kuhama, msitu ulikua juu ya mashamba, wakafuata mbung'o na wanyama, na mahame hayo mengi yakaingizwa katika lile pori kubwa la akiba lililoitwa Selous. Ngarambe imebaki ukingoni mwa pori hilo, upande wa mashariki. Watu wa hapo bado wanalima mtama na mpunga, na usiku hulala dungu kuwangoja nguruwe, na tembo pia.